Ubao wa Tisini na Moja

Sakafu yetu ina mbao mia mbili na kumi na nane.
Najua, kwa sababu tunazipanga mimi na Arvo Kettunen,
usiku wa manane, juu ya barafu ya wacheza magongo,
maana mji huu hauna uwezo wa kumbi mbili.
Kila ubao una namba mgongoni, kama mchezaji.
Wa tisini na moja ni mbovu.
Ukidunda mpira juu yake, hupanda nusu,
huchoka njiani, kama mtu aliyekumbuka deni.

Wachambuzi wa televisheni hutujia mara moja kwa mwaka,
na makoti yaliyonunuliwa juzi kwa ajili yetu,
wakauliza, macho kwenye ziwa lililoganda:
Je, mji mdogo unaweza kutwaa kombe?
Wanauliza kwa upole,
kama anavyoulizwa mgonjwa iwapo amekula.

Wao wana bahari, jua la Januari,
mabango yenye urefu wa ghorofa sita.
Sisi tuna meli za madini, theluji hadi Aprili,
na kiwanda cha soseji kinacholipia kibao cha matokeo.
Kikomo cha mishahara ni kimoja, wanasema.
Kweli. Na mvua ni moja,
ila wengine wana paa.

Tulifungwa misimu minne ili tumpate Demarius Tolliver.
Kufungwa nako ni kazi: mtu lazima afute jasho lake.
Akaja, miaka kumi na tisa, mabegi mawili, hana hata glavu.
Arvo akampa zake.
Mimi nikamwonyesha tisini na moja.
"Mpeleke adui hapa," nikamwambia, "kisha subiri."
Miaka saba akawapeleka, mabingwa kwa mabilionea,
akiuokota mpira kama anayeokota yai.

Mwaka wa nane wakala wake akapiga simu.
Watu walichoma jezi kwenye maegesho,
nami nikazoa majivu,
lakini sikumlaumu. Hata binti yangu alifuata jua.

Mei hii akarudi, amevaa rangi za wenye bahari.
Nusu fainali, mchezo wa saba, kwetu.
Nikamwambia Arvo: tuuhamishe.
Wa tisini na moja na wa mia na nne hubadilishana, nimepima.
Arvo akakaa juu ya ndoo, akamaliza kahawa yake yote.
"Na vijana wetu je, Lorna? Nao wamezoea ulipo."
Tukaupanga pale pale.

Sekunde tisa. Tuko mbele kwa pointi moja.
Wojcik wetu, ambaye ligi nzima ilimkataa mara mbili,
akamsukuma Demarius kuelekea pale, hatua kwa hatua,
vizuri, kama nilivyomfundisha.
Watu elfu kumi na moja wamesimama,
wanne tu tunajua kwa nini.
Demarius akaupitisha mpira nyuma ya mgongo,
akauvuka ubao bila kuudunda,
kama mtu anayeruka ngazi mbovu ya nyumba ya mama yake
gizani, bila kutazama.
Akatupa. Ukaingia.

Mnyonge mnyongeni. Haki yetu ilikuwa sekunde mbili
na mtupo uliogonga chuma.

Saa saba usiku tulikuwa tunang'oa mbao; kesho ni barafu.
Akatukuta, nywele bado mbichi, suti ya bei ya lori.
Akaenda moja kwa moja akaukanyaga.
"Hamjautengeneza?"
"Bajeti ya mwakani," nikasema.
Akavua koti, akashika upande mmoja, Arvo upande wa pili.
Hakuomba msamaha, wala hatukumdai.
Mlangoni akageuka: "Yule Wojcik,
mfundisheni mkono wa kushoto."

Kwa hiyo, bwana wa televisheni, usiniulize mwezi huu.
Namfungulia kijana mlango wa nyuma saa kumi na moja alfajiri.
Mkono wa kushoto, mkono wa kushoto, mpaka jua litoke.
Mkataba wake umebakiza mwaka mmoja.