Vitumbua vya Roath

Orodha nimeibandika kwenye jokofu.
Dilys: ngano humkata tumbo.
Hasmukh hali yai wala kitunguu.
Ceri hagusi cha mnyama, hata asali.
Na Macsen, miaka saba, nimempigia mistari miwili:
karanga. Hata chembe.

Kizuri kula na mwenzio, tulifunzwa.
Hatukufunzwa mwenzio akivimba koo.

Nikafuta sambusa. Nikafuta keki.
Kisamvu changu cha karanga nikakiaga kama msafiri.
Saa tatu usiku, jua la Juni bado limeng'ang'ania dirisha la Cardiff,
ndipo nikaukumbuka mchele.
Mchele, tui, iliki, hamira, sukari.
Nikahesabu kwa vidole, nikarudia:
hakuna aliyekatazwa.
Mama alivikaanga miaka yote kule Tanga
asijue anampikia Dilys.

Bustanini, Carys, mamake Macsen, akaanza.
Kikaango?
Kipya, cha jana.
Mafuta?
Alizeti. Chupa hii hapa, isome.
Akaisoma mbele, akaisoma nyuma.
Na nazi?
Si ulimuuliza daktari wenu, ukanipigia mwenyewe?

Mtoto amekumbatia kikopo chake cha bluu
kilichomfuata kila sherehe.
Nikaomba kimoyomoyo
kitumbua changu kisiingie mchanga.

Akauma.
Mkono wa Carys mfukoni, umeshika sindano.
Tukaacha kutafuna, sote.
Bata akapanda mkekani, akaiba tango,
hakuna aliyemfukuza.

Macsen akajilamba vidole,
akauliza kama kile kilichoungua
kina mwenyewe.