Kuusi

Oulu, mwezi wa Januari. Saa tisa alasiri
na giza limeshaketi sebuleni
kama mgeni asiyeulizwa ataondoka lini.
Ghorofa ya pili ya maktaba, Vieno anapima majibu:
sufuri, halihusu;
moja, limegusa ukingo;
mbili, lafaa;
tatu, ndilo.

Neno la kwanza leo: *kuusi*.
Kwao ni msonobari. Kwao pia ni sita.
Ukilivunja katikati, ni mwezi wako,
ule wa angani.
Mashine haikusita, ikaleta ratiba ya basi namba sita.

Usiicheke. Sisi tuna panda:
baba kapanda mti.
Ameuotesha, au yuko juu
tumletee ngazi?

Muulizaji akarudi, akaongeza:
*msonobari sindano nyekundu*.
Mashine ikamletea wauguzi,
ikamletea nyuzi na cherehani.
Sufuri, sufuri, sufuri,
na Vieno, peke yake, akacheka hadi kahawa ikamwagika.

Jalmari wa mitambo ana dawa yake:
neno linalopatikana kila ukurasa, lipunguze uzito;
lile adimu, lipe kiti cha mbele.
Na wale wauza miti ya Krismasi
walioandika *kuusi kuusi kuusi* mara mia mbili
chini ya picha, kwa wino mweupe juu ya weupe?
Debe tupu, alisema, acha livume huko nyuma.
Akarekebisha. Sindano zikarudi mtini.

Likabaki moja, la saa nane usiku:
*msonobari alioupanda baba*.
Jibu la kwanza: kampuni ya kukata miti,
bei kwa mita, kisiki kinang'olewa bure.
Vieno aliandika sufuri kwa hasira,
kalamu ikatoboa karatasi.
Mtu analilia baba yake, nyinyi mnampa msumeno!

Lakini daftari la mibofyo halina huruma wala adabu.
Yule mtu alilifungua lile jibu.
Alikaa humo dakika kumi na moja.
Kisha akauliza tena, maneno yakiwa mengi, herufi zikikosewa:
*msonobai umeinamia paa theluji nzito nani anakuja kesho*.

Vieno akatazama ile sufuri muda mrefu.
Akaifuta. Akaandika tatu.
Hakumwambia Jalmari.

Chini barabarani basi namba sita likapita,
taa zote zikiwaka, halina abiria.