Bei ya Farasi

Mvua inapiga bati la Kadutu tangu saa mbili
na sauti yangu imezama mara tatu
kwenye neno lilelile: Ayalandi.
Nimekichora kisiwa ubaoni, kimetoka kama figo.
Kando yake Uingereza, na katikati maji
membamba mno, kosa la mkono wangu.

Nikaandika: Sheria.
Mkatoliki asinunue shamba.
Asifungue shule, asimpeleke mwana kusoma ng'ambo.
Alipe zaka kwa kanisa asiloingia.
Asiwe na farasi wa pauni tano au zaidi;
akiwa naye, Mprotestanti yeyote aweke pauni tano mezani,
ashike hatamu, aende zake.

Cirhibuka, dawati la nyuma, mama yake muuza makala:
"Mwalimu, na farasi, alijua bei yake?"
Kalasi ikalipuka. Nami nikacheka,
kisha nikawaambia jambo lisilo kitabuni,
nililitunga papo hapo, Mungu anisamehe:
palikuwa na mtu aliyemfundisha farasi wake kuchechemea
kila wapitapo mbele ya nyumba kubwa.
Usiku, gizani, alimwachia akimbie.

Nikaendelea.
Mwana wa kwanza akiigeukia dini ya mfalme,
shamba la baba litamfuata yeye,
baba abaki mpangaji juu ya udongo wake.

Hapo hakucheka mtu.
Kila mmoja humu ana baba mdogo mwenye karatasi.

Nikafika kwenye jiwe:
padri bila kanisa, misa porini,
mtoto mmoja juu ya kilima akitazama barabara.
Kyalangilwa, ambaye tangu Septemba
hajanyosha mkono, akanyosha.
"Jiwe hilo lipo?"
Yapo mengi, nasikia. Watu hupeleka maua.

"Sisi tuna kisiki," akasema.
"Babu alisali hapo na watu wa Kitawala, usiku.
Wabelgiji wakamkamata, wakampeleka Katanga miaka tisa.
Aliporudi hakulitaja jina la Mungu mchana."
Akanyamaza. Mvua ikaongea badala yake.
"Kisiki kipo ndani ya shamba la kwinini.
Kuna uzio. Mlinzi anataka franka elfu mbili
ukitaka kukiona."

Sikuwa na sheria ya kuandika.
Nilishika chaki mpaka ikalainika vidoleni,
kengele ikagongwa, mtu akafuta ubao kwa kiwiko,
Ayalandi ikabaki doa la kijivu
na Uingereza doa lingine, kubwa zaidi kidogo.

Nikateremka na viatu mkononi, tope hadi kwenye vifundo.
Mshahara wa miezi miwili bado uko njiani,
wazazi ndio wanaonilisha.
Karibu na soko nikapishana na mwanamke
akivuta mbuzi, mguu mmoja wa nyuma haugusi chini.
Mbele yao, kwenye kizuizi, askari wawili.

Mbuzi alinitazama.
Sikuuliza bei.