Mjukuu wa Zimamoto

Babu yangu alikuwa zimamoto, Tanga, enzi za kaptula za kaki.
Gari lake jekundu likikata kona
watoto waliingia uvunguni,
wanawake walifunga madirisha:
mumiani huyo, anatafuta damu ya kupikia dawa.
Alizima moto miaka ishirini na sita.
Hakuna aliyewahi kumkaribisha maji.

Leo, Jumanne, saa tatu na robo asubuhi,
mjini Birmingham, mvua si mvua, ukungu si ukungu,
nimeshuka basi kwa miguu yangu mwenyewe
nikaenda kwa mumiani.

Miadi niliweka kwa simu.
Nimekunywa maji nusu lita, nimekula kiporo cha ugali na mayai.
Sista Yvette kanitoboa ncha ya kidole,
kapima, kaniuliza kama nimelala.
"Natoka zamu. Naendesha basi la usiku."
"Basi sasa wewe ni abiria," akasema,
akatafuta mshipa kama mtu apapasaye ufunguo gizani.

Mashine yenyewe ni ndogo kuliko uvumi.
Inazunguka, inanung'unika, inachuja:
nyekundu inanirudishia,
imepoa kidogo, naisikia ikipanda hadi begani;
ya manjano inabaki nayo.
Ya manjano!
Nani alijua kwamba ndani ya damu mna samli?
Samli inayoanza kuyeyuka kijikoni,
inajaza mfuko bila haraka.
Wasomi huiita utegili. Sista anaiita plazma.
Mimi bado sijaipatia jina la nyumbani.

Ghorofa ya chini yetu anakaa Nusrat na mwanawe Zayan,
miaka minane, bingwa wa majina ya dinosaria,
aliyezaliwa na mwili usio na askari.
Mafua ya jirani yake darasani, kwake ni kulazwa.
Kila wiki ya tatu hutundikiwa chupa,
na ndani ya chupa, mama yake aliniambia kwenye ngazi,
mna kinga za watu wasiojuana, mamia kwa mamia.
Haisagwi kwa mizizi wala majani.
Shamba lake ni mtu, basi.
"Mwezi wa pili ilichelewa," akasema.
Hakuongeza neno. Kapu la nguo likabaki mkononi,
na mimi nikabaki na funguo zangu.

Yangu sijui inakwenda kwa nani. Haiandikwi jina.
Humu mna vitanda kumi, leo tuko wanne:
mzee wa Kisikhi anayeanza gazeti kwa ukurasa wa michezo,
binti mwenye nywele za buluu,
mwalimu aliyesinzia mdomo wazi, na mimi.
Sita vimetandikwa, shuka zimenyooshwa
kama za mgeni aliyepiga simu kwamba yuko njiani.
Nawahesabu wenzangu wa depo: Bahizire wa Bukavu,
Mwinyikombo, Tereza wa ofisi ya tiketi,
watu wazima, wazito, mishipa kama kamba ya ndoo,
na kila mmoja ana bibi aliyefunga dirisha.

Mkono mmoja uko huru. Nampigia picha mfuko,
namtumia shangazi,
binti wa zimamoto, aliyerushiwa mawe akienda chuoni.
Ameiona. Kimya.
Kisha: *Wamekulazimisha?*
Hapana.
*Wanakulipa?*
Hapana.
Mashine ikazunguka, ikatua, ikazunguka.
*Chai je?*
Wananipa. Na biskuti mbili.
*Basi hao si mumiani,* akaandika.
Halafu, nilipokuwa nimeshaweka simu kifuani:
*Baba angependa kuiona hiyo samli.*

Sista kachomoa sindano, kanifunga bendeji ya kijani.
"Wiki mbili?"
"Wiki mbili. Niwekee vitanda viwili.
Nakuja na Bahizire.
Ila yeye bado hajui."