Nukta Kumi na Tisa

Solvita aliniita ukumbini saa mbili usiku,
theluji ya Daugavpils ikigonga vioo,
ndoo yangu bado mkononi.
"Kaa kiti cha mwisho kabisa," akasema,
"vua miwani, kisha nisomee."

Nikavua. Nikakaa.
"Sioni herufi," nikamwambia,
"naona sisimizi waliomwagiwa sukari."
"Hiyo ni slaidi ya kwanza. Zipo arobaini na moja."

Yeye ni muuguzi mkuu wa wodi ya tatu,
mimi hupiga deki usiku,
na kesho asubuhi wakurugenzi watakuja na kahawa zao.
Dakika kumi tu wamempa
aeleze kwa nini wazee wanaanguka.

Akafungua ya pili: duara kama keki,
vipande kumi na viwili, kila kimoja na mkia wa maneno.
"Kipi kikubwa?"
"Kile cha kijani."
"Vya kijani vipo vitatu."
Akacheka kicheko cha mtu ambaye hajala tangu adhuhuri.

Akafuta keki.
Akafuta mshale ulioingia kwa kubingirika,
na picha ya mikono miwili inayoshikana,
mikono ya watu wasioijua wodi yetu.
Akafuta vivuli nyuma ya herufi.
Nembo ya hospitali ilikuwa kila pembe;
"Kwani watasahau wako wapi?" nikauliza.
Akaitazama kidogo, kama anayeaga. Akafuta.
Sentensi alizokusudia kuzisoma neno kwa neno
akazitoa ukutani, akazirudisha kinywani.

Likabaki jedwali.
Miezi sita ya jasho lake:
tarehe, saa, umri, dawa, kitanda.
Hapo hakufuta. Hapo tuligombana.
"Yote haya ni kweli," akasema.
"Kweli ni kweli, lakini mimi niko kiti cha mwisho
na kweli yako hainifikii."
Akanyamaza. Mabomba ya joto yakagonga ukutani.
Kisha akaniuliza, wala si kwa dharau,
"Wewe ungewaonyesha nini?"

Mimi kompyuta siijui. Naijua sakafu.
Nyuma ya ratiba ya zamu nikaichora wodi
kama ninavyoipiga deki:
vitanda huku, choo kule, kona ya kabati.
Yeye akasoma jedwali kwa sauti, mimi nikatia nukta
pale nilipofuta damu,
pale nilipofuta chai,
pale nilipookota ndara moja.
Ilipoingia ya tisa, mkono ulikwisha kujua.
Zilijipanga zenyewe baina ya kitanda cha saba na choo,
hatua sita zisizo na taa.

Slaidi ikawa moja.
Mistari ya kijivu, nukta nyekundu kumi na tisa,
na juu, kwa herufi ninazoziona bila miwani:
WANAANGUKA GIZANI.

Ndipo nikamwomba jambo la kipumbavu.
Nikaenda mpaka ukutani, nikagusa,
nukta ikanipanda kidoleni.
"Hii ni mzee Vilhelms. Ikuze kidogo."
Aliyekuwa akiniita binti, nami nina wajukuu wawili.
Aliyeanguka akaamka,
akaanguka.
Solvita alishika kipanya, akaisogelea nukta, akasita.
"Nikiikuza wataitazama hiyo peke yake.
Watasema, masikini yule.
Hawatasema, taa."
Akaiacha sawa na nyingine.

Asubuhi sikuwepo, zamu yangu huisha saa moja.
Nasikia mmoja aliuliza bei ya waya,
mwingine alitazama simu muda wote,
na dakika tatu zilibaki, hakuna aliyejua azifanyie nini.

Fundi amekuja juzi. Amefunga taa mbili;
ya tatu, wanasema, bajeti ijayo.
Nikipiga deki sasa nakiona kivuli changu.
Na nikifika mahali pale
nasugua kwa duara,
kubwa kidogo kuliko inavyohitajika.