Siku ya Mwisho Imo

Mamboleo, Kisumu. Stima imerudi saa nne usiku.
Naandika programu ya likizo za wauguzi:
tarehe mosi hadi ishirini na moja,
toa tarehe tisa hadi kumi na mbili.

Jibu haliji moja. Vyaja vipande viwili,
muwa uliokatwa katikati:
mosi hadi nane,
kumi na tatu hadi ishirini na moja.
Pale kati, pengo.

Januari thelathini na moja, jumlisha mwezi?
Februari haina siku hiyo.
Mashine yanitupa Machi, bila hodi.

Hilo nitalirekebisha. Hili ndilo lanikwaza:
kumi na mbili toa tisa, tatu.
Vidole vyangu vyasema nne.

Sista Kavulani alikatiza likizo
akamuuguze mamake, Mbale.
Siku ya nne mama hakufikia chai.
Mhasibu asema tumrudishie tatu:
"Ya nne hakukuwa na mgonjwa."

Kutoa ni moyo, wahenga walisema,
na sidhani waliwaza hesabu.

Naongeza moja.
Kando ya mstari naacha maelezo
kwa atakayekuja kufuta:
siku ya mwisho imo.