Tisa na Nusu

Fomu niliyopewa Nebbi ina safu kumi na moja:
sangara, ngege, kambare, angara, muziri,
na ile ya mwisho, nyembamba kama uzi: wengineo.
Leo Panyimur, saa nne, jua limeshanikaa begani,
Thopacu kainamisha mtumbwi wake
kawamwaga wote, wamelegea, macho meupe,
ila mmoja, aliyejilaza kwenye tope la chini
kama kipande cha kamba ya katani,
na bado anapumua.

"Huyo hafi upesi," akasema. "Ana mapafu huyo.
Nimemvua alfajiri. Ananitazama tu."

Nikamshika. Si ule utelezi wa kambare:
magamba yamepangwa mshazari, makavu kama vigae,
kisu changu kikateleza, kikalia kwaa.
Matundu ya pua yamechomoza, vijirija viwili.
Na mgongoni si pezi moja, ni msururu,
kila kijipezi na mwiba wake, na bendera yake,
kana kwamba anakwenda harusini peke yake.

Hesabu, nilifundishwa. Vikiwa kumi hivi, ni yule mdogo;
vikipita kumi na nne, ni kaka yake.
Nikahesabu: tisa. Nikarudia: tisa
na kisiki, kilichong'atwa zamani, kikapona vibaya.

Namna ya kumvua haina safu,
lakini Thopacu alinieleza hata hivyo, akisugua sufuria.
Mvua ikijaza nyasi, maji yakawa ya magoti,
usipige kasia. Zima redio. Ngoja.
Atapanda kuvuta hewa, mara moja tu, kup,
kama mtu anayefungua soda chumba cha pili.
Pale uliposikia, usitege. Tega nyuma yake,
mdomo wa dema uelekee anakorudi,
chambo utumbo wa ngege, uchache kidogo.
"Mume wangu alitega pale aliposikia.
Miaka kumi na sita, tulikula muziri."

Nikaandika: wengineo, mmoja,
sentimita thelathini na nne.
Vijipezi: tisa na nusu.
Bosi atapiga simu kuuliza nusu ni nini.

Nilipoinua kichwa, beseni lilikuwa tupu,
na mchangani, kuelekea majini,
mchirizi, kama wa mtu aliyeburuta mkanda.
Thopacu alikuwa akitazama upande mwingine,
kwa bidii sana.